Benchi la paleti chini ya mwembe: litavuka masika?

*"Shikamoo fundi. Naishi Mikindani, nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka baharini na uani tuna mwembe mkubwa. Shemeji yangu anafanya kazi ghalani, ameniletea paleti nane za mbao. Nataka nitengeneze benchi la kukaa nje jioni, lenye kona kama herufi L, pamoja na kimeza cha chai. Kwenye picha naona watu wanazipanga tu moja juu ya nyingine, wanatandika godoro, basi. Lakini nasikia paleti zina sumu. Tena jirani yangu alitengeneza la kwake mwaka juzi, na masika moja tu mchwa walilimaliza. Sasa yeye ananiambia nipake oili chafu, mzee mmoja anasema nipake mafuta ya maganda ya korosho, na dukani wanasema vanishi inatosha. Nina watoto wawili, wa miaka minne na saba. Nifuate lipi? Au niachane nazo nikanunue viti vya plastiki?"*

Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujapiga msumari wa kwanza. Kazi ya mbao ya nje nimeifanya hapa Mtwara kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi ninaitwa benchi likiwa limeshaoza, mwenyewe akitaka nimwambie apake nini. Wakati huo hakuna cha kupaka.

Una hofu mbili. Ya kwanza ni sumu, kwa ajili ya watoto. Ya pili ni mchwa, kwa sababu umeona kwa macho yako kilichompata jirani. Nikujibu kwa ufupi kwanza: paleti zako huenda zinafaa, ila hatuzihukumu kwa jina, tunazikagua moja moja. Na katika ushauri wa watu wale watatu, hakuna hata mmoja utakaoliokoa benchi linalokaa juu ya udongo. Benchi la nje haliuawi na mvua inayonyesha. Linauawa na maji yanayokaa.

Tuanze na sumu. Geuza kila paleti uiangalie ubavuni, kwenye vile vigogo vya pembeni. Kama ilivuka mpaka wa nchi, inatakiwa iwe na muhuri uliochomwa au kupigwa kwa wino: mchoro wa suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotengenezwa, namba ya mtengenezaji, kisha herufi za namna mbao zilivyotibiwa. Hiyo ni kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002, ISPM 15, iliyowekwa ili wadudu wa mbao wasisafiri na mizigo kutoka nchi hadi nchi. Ukiona HT, mbao zilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Hakuna kemikali hapo. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Gesi hiyo ni sumu, na ni miongoni mwa zinazoharibu tabaka la ozoni. Sehemu kubwa yake huondoka baada ya kufukiza, lakini mimi paleti ya MB siitumii kwa kitu cha kukalia watoto. Iweke kando, huihitaji.

Hapa kuna makosa mawili ninayoyasikia kila mara. Watu hudhani paleti isiyo na muhuri ina sumu. Sivyo. Paleti nyingi zilizomo kwenye maghala yetu, zile ambazo wengine tunaziita chaga, zimetengenezwa humuhumu nchini kwa msonobari au mkaratusi, hazijawahi kuvuka mpaka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuzipiga muhuri. Kosa la pili ni kudhani HT maana yake mchwa hawataigusa. Joto liliua wadudu waliokuwamo siku ile. Halikuacha ulinzi wowote ndani ya ubao. Ukiuweka ubao wa HT juu ya udongo wa Mikindani, mchwa hawana habari na muhuri.

Kwangu muhuri si jambo kubwa. Jambo kubwa ni mzigo uliokaa juu ya paleti hiyo. Kwa hiyo muulize shemeji yako swali moja: ghala lilikuwa la nini? Kama ni magunia ya korosho, saruji au unga, sina wasiwasi. Lakini huku kwetu maghala hayohayo, msimu ukibadilika, hupokea salfa ya kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, pamoja na viuatilifu vya maji. Salfa inawasha macho na ngozi, na unga wake wa njano hujificha kwenye nyufa. Kiuatilifu kilichomwagika hunywewa na mbao kama chai inavyonywewa na mkate, na hakuna msasa utakaokifikia kilipo.

Fanya hivi. Zianike paleti juani kutwa nzima, kisha jioni ziingize kwenye chumba kilichofungwa. Asubuhi fungua mlango uvute pumzi. Mbao safi hunuka mbao. Yenye harufu ya dawa, ya mafuta au ya kitu kikali usichokijua, itoe. Yenye doa jeusi la mafuta au unga wa njano nyufani, itoe pia, usijaribu kuiosha. Na iliyopakwa rangi ya buluu kote, ulizia kwanza: paleti za namna hiyo mara nyingi ni za kampuni za kukodisha na zinatakiwa kurudi kwa wenyewe. Katika nane ulizonazo, tegemea kubaki na tano au sita nzuri. Zinatosha.

Zilizobaki zipime uzima. Chukua kisu chenye ncha, ichome kwenye ubao kwa mshazari, kando ya msumari, kisha ibinue juu taratibu. Mbao nzima itakupa kibanzi kirefu kinachonyanyuka huku kikilia. Mbao iliyoanza kuoza hukatika kifupi, papo hapo, kama kipande cha biskuti. Chunguza hasa pale ubao unapokalia kigogo, maana hapo ndipo maji hujificha. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini chini yake, kuna watobozi ndani. Ubao huo usiuingize uani kwako.

Sasa mchwa, na kuoza. Nataka uelewe jinsi inavyotokea, kwa sababu ukishaelewa hutahitaji kumwuliza mtu upake nini.

Ubao ni fungu la mirija midogo iliyolala kwa urefu, ileile iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Ubavuni, maji huingia polepole. Lakini kwenye kichwa cha ubao, pale ulipokatwa na msumeno, mirija yote iko wazi, na maji huingia kwa kasi kubwa mno kuliko ubavuni. Mguu wa benchi uliosimama kwenye udongo umeweka kichwa chake chini, kwenye unyevu, ukinywa usiku na mchana. Kuvu inayoozesha mbao inahitaji unyevu ndani ya ubao uzidi takribani asilimia 20. Chini ya hapo hulala. Ubao unaolowa mvua ukapigwa na upepo ukakauka jioni yake unaweza kuishi miaka mingi. Ule unaolowa na usikauke, kuvu huanza kazi, na mchwa hupenda mno mbao iliyolainishwa na kuvu.

Mchwa wetu wa ardhini wana udhaifu mmoja mkubwa: miili yao hukauka haraka. Hawatembei juani. Ni lazima wasafiri ndani ya udongo, au ndani ya ubao wenyewe, au ndani ya vile vijia vya udongo wanavyovijenga ukutani. Benchi likigusa ardhi, umewafungulia mlango wa ndani kwa ndani, huwaoni hadi siku unapokaa likakatika. Likiwa juu ya jiwe au saruji, ni lazima wajenge kijia nje, nawe utakiona ukipita na fagio. Wapo pia mchwa wa mbao kavu wasiohitaji udongo, nao huku pwani tunao. Hao huacha vipunje vidogo vikavu kama mbegu chini ya ubao. Ila si wao wanaolimaliza benchi kwa masika moja. Wa jirani yako walitoka ardhini, sina shaka.

Nilijifunza hili nyumbani kwa mama yangu mzazi, kule Naliendele. Nilimtengenezea benchi, nikalipaka praima na rangi ya mafuta mara tatu, likang'aa. Miguu niliizika ardhini kama shibiri moja ili lisitikisike. Masika ya pili akaniita akisema benchi linahema. Nililitazama, rangi ilikuwa bado nzuri. Nikabonyeza mguu kwa dole gumba, kidole kikaingia. Ndani hamkuwa na ubao tena, mlikuwa na udongo mwekundu umeshikwa na ganda la rangi. Rangi ilikuwa imewafichia mchwa jua. Tangu siku ile sijazika mguu wa mbao ardhini, hata mteja akisisitiza.

Kwa hiyo yale ya kupaka tuyapime kwa haki.

Oili chafu hufukuza mchwa kwa muda, ndiyo sababu watu huipaka kwenye nguzo za uzio. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali za mwako, baadhi yake zinazoweza kusababisha saratani, na haikauki. Itahamia kwenye khanga yako, kwenye mapaja ya mtoto wa miaka minne, na mvua itaishusha kwenye udongo wa mwembe unaokula maembe yake. Nakuomba usiipake.

Mafuta ya maganda ya korosho, mzee wako hakukosea kuyataja. Ni dawa ya zamani ya mbao na kweli wadudu hawayapendi. Lakini wewe ni mtu wa Mtwara, unajua maganda yanavyowababua vidole kina mama wanaobangua. Ni mafuta yaleyale. Kwenye nguzo asiyoigusa mtu, sawa. Kwenye kiti, hapana. Na wenye ngozi inayowashwa na utomvu wa mwembe wawe waangalifu zaidi, kwa sababu mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja.

Vanishi ya dukani ni nzuri kwa kabati la ndani. Nje, jua letu hupenya ile vanishi angavu na kuivunjavunja gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao. Uso wa ubao ukishalegea chini yake, vanishi hubanduka magamba, maji huingia nyuma ya magamba na hayatoki. Rangi ya mafuta yenye rangi hasa, nyeupe, kijani, buluu, yoyote, huzuia mwanga usifike kwenye ubao, kwa hiyo hudumu zaidi. Ukipenda kuuona ubao wenyewe, tumia mafuta ya kitani, ambayo kwa wauza rangi ni linsidi, ukubali kuyarudia kila kiangazi. Tahadhari moja hapo: kitambaa ulichopakia mafuta hayo usikifinyange ukakitupa pembeni. Huchemka chenyewe na kuweza kuwaka. Kitandaze nje juani mpaka kikauke kikakamae. Mafuta ya nazi usijaribu, hayakauki, yatavuta vumbi na kuchacha.

Mtu atakutajia pia dawa za boroni. Ni nzuri na hazina makali kwa watu, lakini huyeyuka na mvua, kwa hiyo zinafaa tu kama utazifunika kwa rangi.

Sasa umbo. Hapa ndipo pa kutumia akili yako nyingi kuliko kwenye rangi, na naomba uziache zile picha. Paleti ya kawaida ina urefu wa sentimita 120, upana 80 na kimo cha takribani 14 na nusu. Nyingine zina upana wa 100. Kiti kizuri cha mtu mzima kina kimo cha 42 hadi 45 na kina cha 45 hadi 50. Ukipanga paleti tatu unapata kimo cha 43, ukitandika godoro la sentimita 10 miguu ya watoto inaning'inia. Ukipanga mbili, bibi akija kukusalimu hatainuka bila kushikwa mkono. Na ule upana wa 80 ni kitanda: mgongo haufiki kwenye egemeo mpaka ujilaze. Kubwa kuliko yote, paleti zilizopangana zinagusana kwa ubapa sehemu nyingi, kila mgusano ni mahali pa maji kukaa, na katikati yake ni giza na unyevu. Panya nao watakushukuru.

Tazama nyumba za kale za hapohapo Mikindani. Mbele ya mlango kuna baraza, la mawe na chokaa, na watu wanakaa juu yake miaka nenda rudi. Wazee walijua kinachogusa ardhi kiwe jiwe. Nakushauri uchanganye: miguu iwe ya tofali, kiti kiwe cha mbao za paleti.

Tumia tofali za saruji za inchi sita. Chimba kidogo tu, upate sehemu ngumu, umwage zege jembamba, kisha ulaze tofali mbili kwa ubapa, moja juu ya nyingine. Pamoja na udongo wa saruji zinakupa kimo cha kama sentimita 32, na urefu wa tofali, sentimita 45, unakaa sawasawa na kina cha kiti chako. Weka nguzo hizo kila baada ya mita moja au kupungua kidogo, na moja imara kwenye kona ya L. Ukikutana na mzizi mnene wa mwembe usiukate, sogeza nguzo. Katika saruji ya juu zika bolti moja moja ikichomoza, ya kushikia mbao. Juu ya tofali, kabla ya mbao, weka kipande cha ile nailoni nene nyeusi ambayo waashi huitandika chini ya ukuta, maana saruji nayo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapandisha.

Juu ya nguzo pitisha mihimili miwili ya inchi mbili kwa nne, imesimama kwa ubavu, mmoja mbele na mwingine nyuma. Hii nunua, usiitafute kwenye paleti. Chukua mbao zilizotiwa dawa, zile zenye weupe wa kijani, za msonobari wa mashamba ya kusini kama ya Sao Hill kule Mafinga. Dawa yake mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki, ndiyo maana naitaka chini kwenye mihimili isiyoguswa na ngozi, si juu. Ukiikata, funga barakoa, na vumbi lake ulifagie lote.

Mbao za paleti zinakuja juu, zikilala kukatisha mihimili. Ubao mmoja wa 120 unatoa vipande viwili vya sentimita 48 na kibaki kidogo. Ubao wa paleti una unene wa kama milimita 20, na kwa upana huo utambeba mtu mzito bila kulalamika. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya penseli. Kweli, chukua penseli ya mwanao wa miaka saba, iweke katikati kila unapofunga ubao mwingine. Mbao hutanuka kwa upana zikilowa, na maji na majani ya mwembe yanahitaji pa kupita.

Kuzibandua mbao ni kazi itakayokuchosha kuliko zote, na hapo ndipo watu huvunja nusu ya mali. Misumari ya paleti ina mizunguko kama skrubu, imetengenezwa isitoke. Ukiing'oa kwa mtarimbo, ubao hupasuka kabla msumari haujasogea. Njia yangu: penyeza kabari ndogo kati ya ubao na kigogo, upate ufa wa milimita tatu, nne, kisha ingiza jani la msumeno wa chuma ukate shingo ya msumari humo ndani. Kichwa cha msumari kinabaki kwenye ubao kama kitufe, hakina madhara ukikisindilia kidogo na kukiziba kwa rangi. Ni polepole, lakini ubao unatoka mzima. Vaa viatu vigumu, si kandambili, na watoto wawe mbali mpaka uokote kila kipande cha chuma kwa sumaku ya spika mbovu.

Skrubu nazo zina neno. Zile nyeusi za jipsamu, za bei rahisi, zimejaa kila duka. Hapo ulipo, chumvi ya bahari itazila ndani ya mwaka mmoja, na vichwa vyake vitakatika. Nunua zenye zinki nzito, au kama mfuko unaruhusu, za chuma kisichoshika kutu. Toboa kwa drili kwanza, kitundu chembamba kuliko skrubu, maana ubao wa paleti mkavu hupasuka kwenye ncha.

Egemeo ndilo linalovunjika kabla ya vyote, na sababu yake ni rahisi: mtu akijiegemeza, nguvu ya mgongo wake huvuta kama mtu anayeng'oa msumari kwa nyundo. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao haushiki, nyuzi zimelala sambamba nao, unateleza tu. Kwa hiyo vipande vya kusimamisha egemeo vishuke hadi chini ya mhimili wa nyuma, vishikwe kwa bolti mbili mbili zenye washa, moja juu na moja chini. Juu ya kiti viende sentimita 45, vikilala nyuma kama sentimita 8 kwenye kimo hicho. Mbao za egemeo zisifike chini kugusa kiti. Acha nafasi ya vidole viwili, hapo ndipo majani hurundikana na kuozesha.

Piga msasa kila kipande, ulainishe kingo zote, na upake kabla ya kuunganisha, si baada. Nakusisitiza hili kwa sababu karibu kila mtu anafanya kinyume. Ukishafunga, sehemu zilizokutana huzifikii tena, na ndizo zinazohitaji rangi zaidi. Praima moja, rangi ya mafuta mara mbili, na vichwa vyote vya mbao mara tatu, ukichovya brashi na kuvishindilia mpaka visinywe tena. Kwa ajili ya watoto ulizia rangi isiyo na risasi. Paka wakati wa kusi ambapo kumekauka, uanze saa nne asubuhi umande ukishaondoka. Ukisubiri mvua za Desemba umechelewa, utafungia unyevu ndani.

Kimeza jenga kwa namna ileile, nguzo moja ya tofali katikati. Sina la kuongeza.

Kuhusu viti vya plastiki, sitakudharaulia wazo hilo. Vinahamishika, mchwa hawavigusi. Ila jua huvikausha vikawa vyepesi kupasuka, na mtu mzito akikaa mguu hufunguka ghafla. Ukitaka kitu cha kudumu bila matunzo, mninga au mkongo wa kiini ni bora kuliko paleti yoyote, hakikisha tu unanunua kwa mtu mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Bei yake unaijua. Benchi la paleti la namna niliyokueleza litakugharimu saruji, mihimili, skrubu, rangi, na jasho la wikendi mbili au tatu. Si bure kama picha zinavyodai. Na kama huna muda wa kulitazama kila mwaka, basi jenga baraza la saruji tupu, utandike mkeka.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ukiona kijia cha udongo kimepanda ukuta wa nyumba yenyewe, usishughulike na benchi kwanza: mwite fundi wa kuaminika akague kenchi na fremu za milango. Ukitaka benchi la biashara, la kukaliwa na watu wengi kila siku, mwombe seremala aje auone udongo na kupima mihimili. Paleti iliyokupa kichwa kuuma, macho kuwasha au kifua kubana ulipoinusa, iondoe, na hali hiyo isipoisha nenda zahanati ukaeleze ulichokishika. Msumari wa kutu ukikuchoma, osha kwa maji mengi na sabuni, uende siku hiyohiyo ukaulizie sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Na vibaki. Najua vitarundikana karibu na jiko, na jioni moja kuni zitakuwa zimekwisha. Kipande chenye rangi, chenye doa, cha MB, au cha ile mihimili ya kijani, kisiingie motoni kabisa, moshi na majivu yake ni sumu kwenye chakula. Vitenge tangu siku ya kwanza kwenye gunia lake. Vile visafi vya HT au vya msonobari wa hapa nchini, chemshia maji ya kuoga.